Nimeachiwa detekta, mashine ya kutafuta vyuma ardhini, na mzee wa zamu yangu. Nianzie wapi?

Mkilwa wa Peterborough

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi mzaliwa wa Kilwa Masoko, huu ni mwaka wangu wa nne hapa Peterborough, Uingereza. Kazi yangu kulea wazee, zamu ya usiku. Mwaka jana chumba namba 9 alikuwapo mzee mmoja mkimya kweli, mtu wa kukutazama tu kama vile umemkosea. Usiku mmoja nabadilisha shuka nikaona kabatini bakuli la vifungo vya shaba na vijipira vya risasi, vizito, vimepauka hadi vikawa vyeupe. Nikasema kwa utani, "Mzee, hizi kwetu ni za gobole." Tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Saa tisa usiku kengele inalia, nakimbia nikidhani ameanguka, kumbe anataka kunimalizia habari ya shamba la viazi alikookota sarafu mwaka 1988.

Amefariki mwezi wa tano. Mwanawe alipokuja kuchukua vitu akanikabidhi mfuko mrefu, akasema baba yake aliagiza uwe wangu. (Nilimwambia meneja, akaandika kwenye daftari la zawadi. Msije mkaniuliza.) Ndani mna detekta ya Garrett ACE 250, ile ya njano, spika za masikioni zilizofungwa kwa gundi ya karatasi, na koleo fupi la mkono mmoja.

Nimetoka nayo mara moja tu. Nilikwenda bustani ya umma nyuma ya mtaa wetu, Jumamosi asubuhi. Dakika ishirini: vishikizo vitano vya makopo ya soda, msumari, na karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Mama mmoja mwenye mbwa akasimama akaniuliza, kwa upole lakini kwa sauti, kama nina ruhusa ya kuchimba pale. Sikuwa na jibu. Nikafunga mfuko nikarudi nyumbani. Mke wangu siku hizi ananiita Bwana Mali za Mjerumani, zile hazina zinazosemwa Wajerumani walizifukia.

Sasa naomba mnisaidie. Hivi mtu anaanzia wapi? Mashine hii ya zamani inafaa, au ninunue nyingine? Wenzangu wa kutembea nao nitawapata wapi? Na la mwisho nitalisema wazi: mimi ni mtu mweusi, mrefu, nina koleo mkononi, nipo katikati ya shamba la Mwingereza alfajiri. Kuna mwenzetu yeyote anayefanya jambo hili, au nitakuwa wa kwanza kufukuzwa na mbwa? Nambieni ukweli, msinifariji.

---

Bwana Mabua

Mdogo wangu, marahaba. Pole kwa mzee, na hongera kwa urithi.

Wa kwanza si wewe. Mimi mtu wa Tanga, Ngamiani, nipo Norfolk tangu 2006, kazi yangu ni kwenye ghala la kufungasha karoti. Detekta nimeishika mwaka 2013. Nimeshafukuzwa na bata mzinga, na mbwa mara mbili, na wote walikuwa na haki kwa sababu nilikosea njia.

Nianze na yule mama: alisema kweli. Hapa hakuna pori la Mungu. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, hata kile kinachoonekana kimeachwa. Bustani ya umma ni ya halmashauri, na halmashauri nyingi haziruhusu kuchimba mpaka uwe na kibali chao. Ukiingia bila ruhusa umevamia, na ukiondoka na kitu umeiba. Na yako maeneo ya kale yaliyoandikishwa na serikali ambako hata mwenye shamba hana mamlaka ya kukuruhusu. Kutumia detekta humo bila kibali maalumu ni kosa kwa sheria ya 1979, hata usipochimba. Ramani yake ipo kwenye intaneti, bure. Iangalie kabla hujavaa buti.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kutafuta sarafu, ni kutafuta mwenye shamba. Mimi niliandika barua kumi na nne, nzuri, nimemlipa binti wa jirani pauni kumi aninyooshee Kiingereza. Hakuna hata mmoja aliyejibu. Miezi mitatu. Nikawa nimekata tamaa, mashine ipo chini ya kitanda.

Kilichonifungulia ni mayai. Njiani kutoka kazini kuna meza kando ya barabara, mayai kwenye trei na kopo la kutumbukiza hela, muuzaji hayupo. Mimi nikawa nanunua kila Jumamosi. Siku moja nimemkuta mwenyewe, mama wa makamo, anahangaika kwenye nyasi. Pini ya kuungia tela kwenye trekta imedondoka, na mvua inakuja. Nikamwambia, "Mama, nina mashine nyumbani, nipe dakika arobaini." Nilienda nikarudi. Nilitembea kwenye yale malisho kama saa mbili, nimelowa mpaka soksi, nikaipata imezama kwenye alama ya kwato ya ng'ombe. Hakunishukuru sana, si watu wa maneno mengi. Aliniambia tu, "Lile shamba la nyuma tunavuna Agosti. Baada ya hapo njoo." Mpaka leo nalitembea. Ekari 90.

Usione nakupigia hadithi. Ile hazina ya Hoxne, Suffolk, ilianza vivyo hivyo. Novemba 1992 mkulima alipoteza nyundo, akamwomba rafiki yake Eric Lawes aje na detekta. Nyundo ikatafutwa, zikatoka sarafu za Kirumi karibu 15,000 za dhahabu na fedha, na vijiko, na bangili. Lawes alipoona ukubwa wa jambo akaacha kuchimba, taarifa ikapelekwa, na wataalamu wakaja kuitoa iliyobaki kwa utaratibu, ikiwa bado imepangwa kama ilivyofichwa. Hazina imethaminiwa pauni milioni 1.75. Nyundo nayo ilipatikana, na sasa ipo British Museum pamoja na dhahabu.

Halafu kuna wa upande wa pili. Mwaka 2015 karibu na Leominster wanaume wawili walipata hazina ya zama za Waviking, sarafu zikikadiriwa kama 300 na vito vya dhahabu. Wakanyamaza, wakaanza kuuza moja moja. Zilizopatikana ni kama thelathini tu. Mwaka 2019 mahakama iliwafunga miaka 10 na miaka 8 na nusu, baadaye rufaa ikapunguza. Wangetangaza, wangegawana na wenye ardhi mamilioni, kwa halali, wakiwa wamelala nyumbani kwao.

Sheria yenyewe si ngumu, jifunze kabla ya kutoka. Kwa Uingereza yako na Wales: kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 300 na chenye dhahabu au fedha angalau asilimia 10 ni hazina. Sarafu moja peke yake kwa kawaida si hazina, lakini mbili za dhahabu au fedha za umri huo kutoka sehemu moja ni hazina. Za shaba mpaka zifike kumi. Tangu Julai 2023 wameongeza vitu vya zaidi ya miaka 200 vyenye umuhimu wa pekee, hata kama si vya dhahabu. Una siku 14 za kumjulisha coroner. Huyo ni yule afisa anayechunguza vifo vya utata. Usinicheke, kwa sheria yao tangu enzi za wafalme ndiye anayeamua pia habari za hazina. Kwa vitendo humwendei yeye, unampelekea afisa wa vitu vilivyookotwa aliyepo kwenye makumbusho ya mkoa, mtu wa Portable Antiquities Scheme, mpango wao wa kuandikisha vitu vya kale vilivyookotwa. Wa kwetu ni dada mpole ajabu. Nimewahi kumpelekea kifuniko cha chupa ya dawa nikiwa na uhakika ni mhuri wa askofu. Alikigeuza, akakitazama kwa kioo, akaniambia kistaarabu kwamba ni cha karne ya ishirini. Usiogope kuaibika mbele yake.

Scotland ni sheria nyingine, kule kila cha kale unatangaza. Ireland usithubutu kabisa bila kibali.

Sasa wenzako. Klabu zipo karibu kila wilaya. Ya kwetu inakutana mara moja kwa mwezi kwenye ukumbi wa kijiji, chai na biskuti, meza ndefu yenye kitambaa cheusi, kila mtu anaweka alichookota mwezi huo watu wapige kura. Siku yangu ya kwanza waligeuka wote. Nikahesabu, kama dakika tatu hivi hakuna aliyenisogelea, nimeshika kikombe kama mgeni kwenye harusi isiyo yake. Kisha mzee mmoja akauliza, "Unatumia mashine gani?" Nikataja. Basi, ilikuwa kama nimetaja ukoo. Mpaka saa nne usiku nilikuwa nimeshaelezwa mashine nzima na nimealikwa shamba mbili. Klabu nyingine zimejaa, zina orodha ya kusubiri. Jiandikishe hata kwa mbili. Ipo pia mikusanyiko ya kulipia, mkulima anafungua shamba, watu mia wanaingia. Mimi siipendi. Unatembea umebanana kama daladala ya Mbagala, na ukipata kitu watu saba wanakuja kuchimba miguuni pako. Lakini kwa asiye na shamba ni njia ya kufahamiana na watu, nenda mara moja.

Jiunge na National Council for Metal Detecting, chama cha kitaifa cha wenye detekta, upate bima ya kuumiza au kuharibu mali ya watu. Mwenye shamba anauliza hilo kabla hajakuuliza jina.

Kuhusu rangi yako. Ukweli umeutaka. Polisi waliitwa kwangu mara moja, mwaka 2016. Mtu aliyekuwa akipita barabarani aliniona akapiga simu. Nilitoa ruhusa iliyoandikwa na kusainiwa, nikawapa namba ya mama wa mayai, wakampigia, akawafokea wao. Yakaisha. Lakini nilitetemeka kwa siku mbili, sitakudanganya. Tangu hapo kabla ya kwenda natuma ujumbe kwa mwenye shamba: leo nipo, gari yangu ni hii. Natembea mchana kweupe, kizibao cha njano, gari naiegesha inapoonekana. Hawa watu wana wezi wao wanaoingia mashambani usiku na mashine, wanachukua na kupotea, na ndio waliowafanya wakulima wawe wakali kwa kila mtu. Kwa hiyo alfajiri yako hiyo ifute. Saa mbili asubuhi inatosha, sarafu imelala miaka mia saba haitaondoka.

Mashine nitakuandikia kesho, zamu inaanza.

---

Mtu wa Makongolosi

Nimesoma mpaka nimecheka. Kaka zangu mnabeba mashine kwenda kuokota vifungo?

Huku Chunya detekta ni mlo. Dhahabu ya Lupa watu wanaifuata tangu enzi za mkoloni, na sasa vijana wanatembea na mashine kwenye mashamba ya mahindi baada ya mvua ya kwanza, udongo ukishasukwa. Hiyo ya njano ukiileta hapa italia kama mtoto mwenye njaa, ardhi yetu nyekundu imejaa chuma. Wenzako wanatumia zile za kupiga mapigo, bei yake unanunua bodaboda kadhaa. Wengi hawana, wanakodi, na mwenye mashine anachukua fungu lake kabla hamjagawana. Na usiingie eneo la mtu mwenye leseni ndogo ya uchimbaji bila kuelewana naye, huku hawapigi simu polisi kwanza.

Ila hilo jina la mkeo limenigusa. Kwetu ukionekana na detekta tu, jioni mtu anabisha hodi na "ramani" ya mali za Mjerumani. Shemeji yangu aliuza ng'ombe wanne kwa ramani iliyochorwa kwa kalamu ya risasi, ikapakwa chai ionekane kongwe. Wamechimba chini ya mbuyu wiki mbili. Walipata mizizi.

Ninachowaambia vijana ni hiki: uongo unauzika kwa sababu umeshonewa kwenye ukweli. Rupia 15 za dhahabu zenye tembo zipo, Wajerumani walizitengeneza Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, vita vikiwa vimewabana na sarafu haziingii kutoka kwao. Hizo ziko kwa wakusanyaji, zina bei. Lakini rupia "inayovuta mchele" au "inayozima tochi" ni ng'ombe wanne wa shemeji yangu.

---

Bwana Mabua

Nimerudi. Mtu wa Makongolosi, vifungo vyetu tuachie, vina raha yake.

Mkilwa, ACE 250 usiibadilishe mwaka huu. Mimi nilianza na hiyo hiyo. Ina mlio wa aina tatu: wa chini ni chuma, wa kati ni mchanganyiko wa balaa, wa juu kama kengele ni shaba nzuri na fedha. Kosa la kila mgeni ni kuiweka kwenye COINS, mpangilio wa sarafu tu, ili asisikie takataka. Iweke ifute chuma tu, mengine yote chimba. Pete ya dhahabu na kishikizo cha kopo la soda vinasema sauti moja, mashine haijui tofauti, wala mimi sijui. Na zile peni za zamani za fedha zilizogongwa kwa nyundo ni nyembamba kama ganda la kitunguu, mara nyingi zinatoa mlio wa kati, si kengele. Yangu ya kwanza ilikuwa nusu tu, nusu ya peni ya Henry wa Tatu. Walikuwa wanaikata kwenye mistari ya ule msalaba mrefu wa mgongoni ili wapate chenji, mtu anakata hela kama anavyogawa andazi. Nilipoiokota nikadhani imevunjwa na jembe la trekta, nikasikitika. Yule dada wa makumbusho ndiye aliyenieleza kuwa huyo aliyeikata alijua anachofanya.

Ufukweni kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi mashine hiyo itakusumbua, itapiga kelele yenyewe. Mchanga mkavu sawa. Sehemu nyingi za fukwe za Crown Estate, shirika la ardhi ya Taji, wanaruhusu bila kuomba kibali kimoja kimoja, lakini si zote, tazama ramani yao. Mto Thames London ni habari nyingine, wana leseni yao.

Nunua kitu kimoja tu: kile kijiti cha kuchomeka shimoni kinachotetemeka kikikaribia chuma. Bila hicho utakaa umepiga magoti nusu saa unachambua udongo kama mtu anayechagua mchele.

Kuchimba: kwenye malisho kata bonge la udongo pande tatu, upande wa nne uache kama bawaba, lifunue kama kifuniko cha sufuria. Ukimaliza lirudishe, likanyage. Ng'ombe akivunjika mguu kwenye shimo lako umewafungia mlango watu wote waliokuja nyuma yako. Takataka usiirudishe ardhini, ibebe. Mimi mwisho wa siku namwonyesha mama wa mayai ndoo ya maganda ya risasi za kuwindia, misumari na makopo. Anaifurahia ndoo hiyo kuliko sarafu.

Usisugue kitu. Nimewahi kuiua sarafu ya Kirumi kwa mswaki na majivu, kama tunavyosugua sufuria nyumbani, ikang'aa, na sura ya mfalme ikaondoka na majivu. Mfuko mdogo wa plastiki, andika mahali ulipopata kwa namba za ramani, basi. Ukikuta kitu kikubwa chenye umbo la bomu, ni bomu. Acha, ondoka, piga simu polisi. Kaunti hizi za mashariki zilijaa viwanja vya ndege za vita.

Na kabla hujachimba hata shimo moja, mwandikiane na mwenye shamba kuhusu mgawo, kawaida ni nusu kwa nusu. Mkiwa maskini wote wawili makubaliano ni rahisi.

---

Mkilwa wa Peterborough

Kaka Mabua, Mungu akuzidishie. Nimesoma mara tatu, mke wangu amesoma mara moja na ameuliza kama na wewe mkeo anakununia.

Nimejiandikisha klabu mbili. Moja wamesema nisubiri, nyingine wamenialika Jumanne. Nimekata bima pia.

Swali jingine. Desemba naenda likizo Kilwa kwa mama. Nikakumbuka tukiwa watoto, mvua ikinyesha tulikuwa tunavuka kwa mashua kwenda Kisiwani, tunaokota vijisarafu vyeusi vya shaba ufukweni, vina maandishi ya Kiarabu, tunachezea kama karata. Vingine tuliwauzia wageni kwa hela ya soda. Nikienda na hii mashine si nitaokota ndoo nzima?

---

Binti Mchimbuzi

Kaka Mkilwa, tafadhali iache Peterborough.

Nimesomea akiolojia Mlimani na nimefanya kazi pwani hiyo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu mtu kutafuta wala kuchimba masalia bila leseni, awe mgeni awe mzaliwa. Kenya nako ni hivyo hivyo kwa sheria yao ya 2006. Kwetu hakuna mpango wa kuokota na kutangaza kama huo wa kina Mabua. Mimi binafsi naona ungefaa uwepo, maana watu wanaokota kila siku na hawana pa kupeleka bila kuogopa, lakini haupo.

Sikulaumu kwa utoto. Watoto wote wa Kilwa wameokota. Ila nikueleze ulikuwa unachezea nini. Zile sarafu ziligongwa hapo hapo, na masultani wa hapo, tangu kama karne ya kumi na moja. Za Ali bin al-Hasan zina maneno yenye vina: upande mmoja unaanza, upande wa pili unamaliza, kama beti. Hela inayosomeka kama shairi! Na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Kilwa, Australia. Alizihifadhi kwenye bati miaka mingi bila kujua ni nini, mpaka 1979 alipozipeleka zitambuliwe. Tunaweza kuzizungumzia leo kwa sababu alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani pale alipoziokota. Zimefikaje kule, watu wanabishana hadi sasa, lakini angalau wanajua wasimame wapi wakibishana. Zako ulizouza kwa soda, kaka, zina X gani?

Ukifika nyumbani nenda ofisi ya Mambo ya Kale hapo Masoko, waeleze mlikuwa mnaokotea upande upi wa kisiwa. Kumbukumbu hiyo haihitaji leseni.

---

Mkilwa wa Peterborough

Dada, nimenyooka. Sikuwahi kujua zina vina. Bibi yangu angezisoma.

Nimempigia mama. Anasema moja ipo bado, kaka yangu aliitoboa akaifanya kidani. Nimemwambia asiiuze, na asiisugue.

Jumanne nilikwenda klabu. Ukumbi baridi, watu kama ishirini na tano, wengi umri wa babu zangu. Nilibeba mashine ndani ya mfuko wake ule ule. Sikumaliza hata kukaa, mama mmoja akauangalia mfuko, akaangalia ile gundi ya karatasi kwenye spika, akataja jina la mzee wangu wa chumba namba 9. Kumbe alikuwa mwanachama wao miaka ishirini. Walidhani amehamia kwa mwanawe, hakuna aliyewaambia kuwa alikuwa kwetu wala kuwa amefariki. Ikabidi mimi mgeni ndiye nitoe habari ya msiba, kwa Kiingereza changu, nimesimama mbele ya meza ya kitambaa cheusi. Walivua kofia. Kisha wakataka kujua alisema nini mwishoni, nami nikawaeleza ile habari ya shamba la viazi na sarafu aliyookota 1988. Wawili wakaanza kubishana pale pale kuwa ilikuwa 1986 na halikuwa shamba la viazi.

Jumapili wananipeleka hilo shamba. Nivae nini?

---

Bwana Mabua

Buti za mpira, si raba. Soksi mbili. Betri ndogo nne zilizojaa na nne za akiba, mashine hiyo inazimika ghafla bila kuaga. Chakula chako mwenyewe, na kingine cha kugawa. Mimi napeleka chapati na siku hizi wakiniona wanaangalia kwanza mfuko, ndipo wananisalimia. Geti ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi liache wazi.

Na ubebe kitambulisho.